Ofisi ya haki za njia: nyota nne, ya tano wamejinyima wenyewe

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aishie hapa. Kama nyumba yako imekaa nyuma ya kiwanja cha mtu mwingine na hakuna barabara ya umma inayoigusa, ofisi ya namna hii inastahili pesa yako. Upekuzi wao wa kumbukumbu ni wa daraja la kwanza. Mpima wao ni hazina. Wakili wao anahitaji kusimamiwa. Jina lao nalihifadhi, maana baadhi ya nitakayoyasema si ya kupendeza, na ninachotaka kueleza ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, si kuwaharibia riziki.

Ofisi ina watu watatu chini ya paa moja: mpekuzi wa kumbukumbu za ardhi, mpima ardhi, na wakili wa mikataba. Wanauza kitu kimoja tu, yaani haki ya kupita juu ya ardhi ya jirani, ikiwa imeandikwa, imechorwa na imesajiliwa kwenye hati zote mbili. Kesi mahakamani hawaendeshi. Hilo waliniambia nikiwa bado sijakaa kitini, nami nilipenda kwamba walilisema kabla ya kupokea hata senti.

Shida yangu ilikuwa hivi. Nilinunua nyumba ya nyuma. Gari lilikuwa likipita ubavuni mwa kiwanja cha mbele, kwenye njia ya kokoto ambayo kila mtu aliichukulia kuwa ipo tangu dunia iumbwe. Kisha kiwanja cha mbele kikauzwa. Mwenye kiwanja mpya akajenga ukuta, akaacha upenyo, akaweka geti, na baada ya muda akaniletea barua. Barua ilikuwa na heshima tele. Ilisema ananiruhusu kuendelea kupita "hadi hapo nitakapoamua vinginevyo", na chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu kuonyesha kwamba nimekubaliana nayo. Wengi wangetia sahihi na kushukuru. Jirani kakuruhusu, unataka nini tena?

Jambo la kwanza ofisi hii ilinifanyia, hata jalada halijafunguliwa, ni kuniambia nisiiguse kalamu. Ruhusa hutolewa na mtu na huondolewa na mtu huyo huyo. Akibadili mawazo imekwisha, na akiuza kiwanja, mnunuzi hana deni nayo. Haki ya njia ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hushikamana na ardhi na huhama pamoja nayo, wenye viwanja wakija na wakienda. Zaidi ya hapo, barua ile ilikuwa na mtego, hata kama mwandishi wake hakuukusudia. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mtu aliyepita mahali kwa miaka mingi bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa anaweza kudai kwamba haki imekwisha kuzaliwa kwa mazoea hayo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 inataja miaka 20, na Kenya nayo inahesabu 20. Ukitia sahihi kwamba ulikuwa unapita kwa hisani ya mwenye kiwanja, umejikatia mwenyewe hesabu hiyo.

Wakili alinieleza haya bila majivuno, kisha akaniandikia jibu fupi la kumpelekea jirani: nimeipokea barua yako, sikubali kwamba napita kwa ruhusa, niko tayari tukae tuzungumze. Basi. Nimeshaona barua za mawakili zinazofungua na "hatua kali za kisheria" na kumgeuza jirani kuwa adui kabla hajafika aya ya pili. Hii haikuwa na kitisho hata kimoja, na haikuachia kitu. Nyota ya kwanza ilipatikana pale.

Sasa niwaambie kuhusu mpekuzi, maana ndiye aliyenifanya niandike tathmini hii. Nilimwendea na picha za ukuta, picha za kokoto, ujumbe wa simu na ghadhabu ya kutosha. Aliviweka vyote pembeni kwa adabu, ghadhabu ikiwemo, akaniuliza, "Mama, hivi viwanja viwili vilikuwa kimoja lini? Na kilichouzwa kwanza ni kipi?"

Sikujua, na wala sikuona inahusu nini. Lakini swali hilo ndilo lenye kesi nzima ndani yake. Kiwanja kisicho na njia hakidondoki kutoka mbinguni. Mara nyingi palikuwa na kipande kimoja cha ardhi chenye barabara yake, mwenyewe akakikata, akauza cha nyuma, cha mbele akabaki nacho. Sheria za nchi nyingi humwangalia mtu huyo kwa namna moja: huwezi kumuuzia mwenzako nyumba halafu ukamnyima pa kupitia kuifikia. Ufaransa wameliandika waziwazi katika kifungu cha 684 cha sheria yao ya madai, kwamba kama kufungiwa kumetokana na kugawanywa kwa ardhi, njia inadaiwa kwenye vipande vilivyotokana na mgawanyo huo, si kwingineko. Ujerumani wana kanuni inayofanana nayo katika kifungu cha 918. Uingereza kuna kesi ya Wheeldon na Burrows ya mwaka 1879, ambayo mawakili wa mali bado wanaitaja. Inasema mnunuzi wa kipande hupata pamoja nacho yale matumizi ya wazi na ya kudumu yaliyokuwepo wakati wa kugawanya, kama yanahitajika ili akifaidi alichonunua.

Faida ya kujua hivyo ni kwamba unaambiwa ubishe mlango upi. Kiwanja changu kinapakana na watu wengine pia, na ukisimama uani ukatazama, njia fupi kuliko zote ya kufika barabarani ingepita kwa jirani wa ubavuni, mama mmoja mstaafu mwenye bustani. Ndugu zangu walikuwa wamekwisha kunishauri nianze naye, kwa kuwa "hana maneno". Mpekuzi alikataa kata kata. Ardhi ya mama yule haikuwahi kuwa sehemu ya kipande cha asili, kwa hiyo haibebi mzigo uliozaliwa na mauzo ya watu wengine. Nisingekwenda kwa ofisi hii, ningemsumbua bure mtu asiyehusika, tena yule mpole kuliko wote.

Alirudi na nakala za ramani ya ugawaji na mikataba miwili ya zamani. Cha nyuma kiliuzwa kwanza, mwuzaji akabaki na cha mbele, na hakukuwa na barabara nyingine wakati huo wala sasa. Ndani ya mkataba wa kwanza kulikuwa na maneno "pamoja na njia zake zote", ambayo wakili alisema ni msaada lakini hayajitoshelezi, kwa kuwa hayasemi njia ipi, upana gani, kwa miguu au kwa gari. Kwenye daftari la ardhi lenyewe hapakuwa na kitu juu ya njia. Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili, kila sentensi ikiwa na namba ya hati inayoithibitisha. Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu. Nimesoma ripoti za watu wanaolipwa mara nyingi zaidi ya mzee yule, zisizo na sentensi mbili mfululizo unazoweza kuzithibitisha.

Na hakunipaka mafuta. Aliniambia haki inayosimama juu ya ulazima ina udhaifu wake, kwamba ulazima ukiisha na yenyewe inaweza kuondoka. Huo ndio msimamo wa kawaida Marekani. Ufaransa nako, kifungu cha 685-1 kinamruhusu mwenye ardhi inayopitiwa kuomba njia ifutwe kiwanja kikishapata njia nyingine ya kutosha. Ikichongwa barabara mpya nyuma ya nyumba yangu, madai yangu yanaweza kuyeyuka. Tena ulazima wenyewe hupimwa kwa ukali, hasa katika nchi za mfumo wa Kiingereza. Kama unayo njia nyingine halali, hata ikiwa ndefu na mbovu, usitegemee sana hoja hiyo. Kwa hiyo ripoti ile ilikuwa silaha ya kukalia mezani. Tulichokuwa tunakitafuta ni hati ya makubaliano, ambayo haitegemei ulazima wowote kuendelea kuwepo.

Mpima alikuja na vifaa vyake asubuhi ambayo jirani alikuwepo. Alihakikisha hivyo kwa makusudi. Alimsalimia yeye kwanza, akamwonyesha anachopima, akamwacha achungulie kwenye kifaa. Huwezi kuliona jambo hilo kwenye orodha ya ada zao, lakini nadhani ndilo lililofungua mazungumzo yote ya baadaye.

Jirani alikuwa ametaja mita 2. "Gari lako linapita, si linapita?" Ni kweli linapita, kioo kimoja kikiwa kimekunjwa. Mpima hakubishana naye. Alimwuliza kama siku moja nyumba ya nyuma ikishika moto, moto huo utaheshimu ukuta wake. Kisha akatoa takwimu: mwongozo wa ujenzi wa Uingereza kuhusu usalama wa moto unataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana usiopungua mita 3.7, na langoni mita 3.1. Hakusema kwamba kipimo hicho kinatufunga sisi. Alisema hicho ndicho kipimo cha watu waliolazimika kulifikiria gari hilo likiingia kwa haraka. Jirani alinyamaza, akapima geti lake kwa futi yake mwenyewe, na geti likapita kwa nywele.

Halafu ikaja kona. Njia yetu inanyooka toka barabarani, kisha inapinda kuelekea kwangu nyuma ya banda la jirani. Kwenye michoro ya watu wasio makini, kona huchorwa kwa upana ule ule wa sehemu iliyonyooka, na ndipo malori hukwangua kuta na majirani hutukanana. Mpima wetu aliipanua kona, na jirani alipong'aka akamwambia kwamba hata sheria za kale za Roma ziliweka njia ya magari ya kukokotwa kuwa futi 8 panaponyooka na futi 16 kwenye kona. Sijui mpima ardhi anasoma vitabu gani usiku, lakini jirani alicheka, na kona ikapanuka.

Baada ya hapo akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. "Bomba la maji la nyumba ya nyuma linapita wapi?" Alifunua kifuniko cha mita, akafuata mwelekeo, na ikaonekana bomba limelala chini ya ile kokoto, na waya wa umeme uko juu yake. Haki ya kupita, katika mifumo mingi ya sheria, ni ya kupita tu. Haikupi mamlaka ya kuchimba, kulaza bomba wala kuvuta waya. Mtu anaweza kushinda njia yake halafu siku bomba limepasuka akaambiwa asiguse udongo. Mpima alichora mstari wa bomba kwenye mchoro kwa rangi tofauti na kuandika kina chake. Kwa kazi ya siku ile, angeniambia amepandisha ada, ningelipa bila kuuliza. (Hakupandisha. Waliopandisha ni wengine, tutafika.)

Mazungumzo yalifanyika ofisini kwao, na hapa nawapa alama za kati. Chumba kizuri, mtu wa kuongoza kikao hana. Wakili alikuwa upande wangu kwa sababu ndimi niliyelipa, na jirani alikuwa peke yake. Walipaswa kumwambia mapema aje na mwanasheria wake au angalau aonyeshe rasimu kwa mtu anayemwamini. Hilo si ukarimu tu. Makubaliano ambayo upande mmoja haukuelewa ulichosaini ni makubaliano yanayosubiri kupingwa. Nililisema mimi, na kikao kikaahirishwa hadi alipopata wa kumsomea.

Hata hivyo kikao kilifanya kazi yake, kwa sababu hatimaye jirani alisema kilichokuwa kinamsumbua. Hakuwa na shida na gari langu. Alikuwa anaogopa kwamba nitauza, mnunuzi ajenge ghorofa, halafu magari ya watu asiowajua yapite dirishani kwake usiku na mchana. Ukimsikiliza, ana hoja. Akapendekeza tuandike kwamba njia ni ya "familia moja". Nilikataa, maana maneno hayo yangeishusha thamani nyumba yangu siku ya kuuza na kuzaa ubishi wa familia ni nani. Tukakubaliana juu ya "matumizi ya makazi", pamoja na kifungu kwamba njia inahudumia kiwanja changu hiki tu. Kifungu hicho cha pili sikukipigania, kwa kuwa sheria ya Kiingereza inashikilia hivyo hivyo tangu kesi ya Harris na Flower ya mwaka 1904: huwezi kuitumia njia ya kiwanja kimoja kuhudumia kiwanja kingine ulichokinunua nyuma yake.

Fidia ndiyo iliyochemsha chumba. Jirani alikuwa ameifanyia hesabu kwa njia yake: nyumba yangu bila njia ina thamani hii, ikiwa na njia ina thamani ile, tofauti tugawane. Kwa mtunza hesabu, hesabu hiyo inapendeza kuitazama, na ni batili. Kanuni inayotumika mahali pengi huitazama hasara ya anayepitiwa. Kifungu cha 682 cha Wafaransa kinasema fidia iwe sawia na madhara ambayo njia inaweza kuyasababisha. Faida ninayoipata mimi haihesabiwi. Mpima akatoa eneo la ule ukanda kwa mita za mraba, akaonyesha kwamba hakuna jengo linaloweza kusimama pale kwa sababu ya umbali unaotakiwa kutoka mpakani, na thamani iliyopotea ikapatikana bila kelele. Tuliafikiana kiasi kimoja cha kulipwa mara moja. Ofisi ilikuwa imependekeza malipo ya kila mwaka, nikayakataa. Wajerumani wana utaratibu huo kwa njia ya lazima, na kwao unafanya kazi, lakini kati ya majirani wawili malipo ya mwaka ni ugomvi uliopangiwa tarehe.

Sasa niseme kwa nini nyota ya tano haipo.

Rasimu ya kwanza ya mkataba ilikuja na sentensi hii: haki ya kupita inatolewa kwa fulani, yaani mimi, kwa jina langu. Kwa mtu asiyesoma kwa makini ni sentensi safi. Maana yake ni kwamba nikifa au nikiuza, mjadala unaanza upya, maana haki imefungwa kwa mtu badala ya kufungwa kwa ardhi. Ilipaswa kusema inatolewa kwa manufaa ya kiwanja namba kadha, juu ya kiwanja namba kadha, na kuwafunga wote watakaofuata. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeilipia, na ofisi inayouza kitu kimoja tu haipaswi kukikosea kitu hicho. Nilipompigia wakili simu alisema "ah, hiyo ni ya mfano wa zamani", kwa hiyo nahisi kuna mteja mwingine mahali fulani mwenye njia yenye jina lake.

Rasimu ile ile haikutaja bomba wala waya, ingawa mchoro wa mpima ulikuwa umebanwa nyuma yake ukiwa na mstari wa rangi. Watu wa chumba kimoja hawasomani kazi. Haikutaja matengenezo pia. Hilo ni jambo linaloumiza baadaye, kwa sababu katika sheria ya Kiingereza anayepitiwa hana wajibu wa kuitengeneza njia. Anayepita anaweza kuitengeneza kwa gharama yake, na zaidi ya hapo ni mapatano. Sisi tuligawa kwa matumizi: kipande ambacho magari yote mawili yanakitumia ni nusu kwa nusu, kutoka kwenye kona hadi kwangu ni juu yangu peke yangu. Niliandika mimi kifungu hicho kwa mkono, wakili akakichapa. Na suala la geti nalo nililidai: geti linaruhusiwa, ufunguo ni wangu pia, na hakuna anayeegesha ndani ya njia, mimi nikiwemo. Haki ya kupita si haki ya kuegesha, na wageni wa jirani walikuwa hawalijui hilo.

Kosa lililochelewesha zaidi lilihusu benki. Kiwanja cha mbele kilikuwa na rehani. Haki ya njia inayosajiliwa baada ya rehani inaweza kufutika kama benki itauza kiwanja kwa deni na haikuwahi kuikubali njia hiyo. Kwa hiyo idhini ya maandishi ya benki ni lazima iwe sehemu ya mfuko. Mpekuzi alikuwa ameiona rehani, iko kwenye ukurasa wake wa pili, na namba yake imetajwa. Wakili aliigundua wakati tumekwisha kukusanyika kutia sahihi. Tukatawanyika na chai yetu haijanywewa, tukasubiri benki, na mabenki hayakimbii kwa ajili ya kokoto za watu. Jirani angeweza kubadili mawazo kipindi hicho. Hakubadili, na sifa hiyo ni yake, si ya ofisi.

Kuhusu bei, tatizo ni namna wanavyoitamka. Upekuzi una ada yake, upimaji una ada yake, zote mbili zimeandikwa wazi tangu mwanzo. Uandishi wa mkataba umeandikwa "kulingana na kazi". Kazi ikaongezeka kwa sababu rasimu zilirudi, na rasimu zilirudi kwa sababu walizikosea. Ankara ya mwisho ilikuwa na mstari wa "marekebisho". Niliupinga kwa maandishi, nikiambatanisha rasimu ya kwanza na mistari myekundu, na waliufuta bila ubishi. Nawapongeza kwa kuufuta. Nisingependa kuona mteja asiyezoea ankara akiulipa.

Usajili ulikwenda vizuri, ila chunga kitu kimoja. Waliniletea nakala ya hati yangu ikionyesha haki ya njia, wakanipongeza, wakataka kufunga jalada. Nikaomba na nakala ya daftari la kiwanja cha mbele. Mzigo lazima uonekane kwenye hati inayoubeba, kwa sababu mnunuzi wa kesho wa kiwanja cha mbele atasoma hati yake, ya kwangu haimhusu. Ilikuwepo, imesajiliwa sawasawa, na mchoro wa mpima umeambatanishwa. Lakini walipaswa kunipa bila kuombwa.

Nani aende kwao? Mtu ambaye jirani yake anakasirika lakini bado anafungua mlango. Mtu anayetaka kununua nyumba ya nyuma na bado hajalipa, huyo aende hata kesho, achukue upekuzi peke yake. Ndiyo huduma yao bora na inanunuliwa bila hizo nyingine. Mwenye nyumba aliyeko Marekani aanze kwa kuisoma bima yake ya hati, kama anayo: bima ya kawaida ya huko hukinga dhidi ya kukosa haki ya kuifikia ardhi, ingawa kukosa haki ni jambo moja na njia kuwa nyembamba ni jambo jingine.

Kama jirani yako amefunga na hataki hata kusalimiwa, ofisi hii si ya kwako. Tafuta wakili wa mahakamani. Nchi kadhaa zimeweka mlango maalumu kwa ajili ya hilo: Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye ardhi iliyofungiwa kuomba mahakamani amri ya kupewa njia, New Zealand wana utaratibu wa namna hiyo katika sheria yao ya mali ya mwaka 2007, na Ujerumani kifungu cha 917 kinamlazimisha jirani kuvumilia njia ya lazima kwa malipo. Huko utaulizwa yale yale: ardhi iligawanywaje, kuna njia nyingine au hakuna, ni wapi itakapoumiza kidogo, na hasara ni kiasi gani. Ripoti ya mpekuzi na mchoro wa mpima zinajibu karibu yote, na ofisi huwa inazitoa bila kinyongo hata ukiwahama. Omba nakala zenye muhuri na sahihi. Mimi mara ya kwanza walinipa za kivuli.